Nyundo ya chini ya bahari: kipindi kilikatwa, au kilirefushwa?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Tanga, najifunza kuhariri filamu. Nina filamu fupi ya dakika 12: wavuvi wako baharini usiku, wanasikia kitu kinagonga mashua kutoka chini ya maji. Rafiki yangu akaniambia nitazame kwanza "The Thirty-Fathom Grave", kipindi cha ile tamthilia ya zamani ya Marekani, The Twilight Zone. Mwanzoni nilisisimka, baadaye nikajikuta nachezea simu. Faili langu lina dakika 49, lakini naona wengine wanaandika 51. Je, kuna kipande kimekatwa ndiyo maana hadithi haishiki? Na mimi nifanyeje ili ule mlio wangu usichoshe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hujaibiwa kitu. Fungua taarifa za faili lako utazame idadi ya fremu, yaani picha, kwa sekunde. Nadhani utakuta 25. Filamu za enzi zile zilipigwa fremu 24 kwa sekunde, na mfumo wa televisheni wa PAL, ambao ndio tuliourithi huku kwetu, unaonyesha 25. Njia rahisi ya kuhamisha ni kuikimbiza filamu kidogo tu. Chukua dakika 51, zidisha kwa 24, gawa kwa 25: unapata 48.96. Dakika zako 49 ni hizo hizo, zimetembea haraka. Kama aliyehamisha hakurekebisha sauti, nayo imepanda kwa asilimia 4 hivi, na kwa kipindi kinachotegemea mlio mzito wa chuma ni hasara ndogo. Lakini siyo iliyokufanya ushike simu.

Ugonjwa wa kipindi kile ni kinyume cha unavyodhani. Hakikukatwa, kilivutwa.

The Twilight Zone ilianza mwaka 1959 ikiwa ya nusu saa, na ukitoa matangazo hadithi ilibaki na dakika 25 hivi. Januari 1963 CBS, kituo cha televisheni kilichoirusha, wakairudisha hewani katika nafasi ya saa nzima. Vikatoka vipindi 18 vya urefu huo, na hiki chako kilikuwa cha pili, tarehe 10 Januari. Msimu uliofuata wakarudi nusu saa. Mwandishi wake, Rod Serling, alikuwa na wazo la kumtosha mtu kwa nusu saa, akatakiwa kujaza saa. Kila mama lishe anajua mchuzi wa watu wanne ukilazimishwa kuwalisha wanane unakuwaje.

Wazo lenyewe, nakiri, ni tamu. Manowari ya Marekani iko doria Pasifiki ya Kusini. Mtambo wa kusikiliza chini ya maji unanasa mtu anagonga chuma. Chini kuna nyambizi ya Wamarekani iliyozama mwaka 1942, wakati wa vita. Na ndani ya manowari yumo Bell, baharia mtu mzima ambaye hali yake inaharibika kila nyundo inapolia, maana yeye ndiye pekee aliyenusurika katika nyambizi ile. (Hizo "fathom" za kwenye jina ni pima zetu hizi hizi za wavuvi. Pima 30 ni kama mita 55.)

Sasa kaa nacho tena, daftari mkononi. Kila mlio unaposikika, andika kitu kimoja: baada ya mlio huu nimejua nini ambacho sikukijua? Mara ya kwanza unajua kuna kitu chini. Mzamiaji anaposhuka akagonga, naye akajibiwa, unajua kitu hicho kinasikia. Hapo nywele zinasimama. Baada ya hapo safu yako itaanza kuwa tupu. Nyundo inalia, maofisa wanatazamana, nahodha anauliza ni nini, daktari hana jibu, Bell anatoka jasho. Nyundo inalia tena, wanatazamana tena. Sisi watazamaji tumeshajua ni mizimu, tunawasubiri wao wafike tulipo. Mtazamaji akimtangulia mhusika kwa dakika moja, anakaa kwenye ncha ya kiti. Akimtangulia kwa dakika 20, anashika simu.

Kosa la pili ni la ushahidi. Bell anawaona wenzake waliokufa kwenye kioo, wamelowa, wanamwita kwa mikono. Kwenye njia ya ndani ya manowari unakutwa mwani. Kutoka chini kinaletwa kile kibati chenye jina ambacho askari huvaa shingoni, na ni cha Bell mwenyewe. Kimoja kati ya hivyo kingetosha. Mimi ningebakiza mwani peke yake, maana mwani hauhitaji mtu aueleze. Wale watu kwenye kioo ningewatupa, hata kama mtu wa vipodozi angeninunia mwezi mzima. Bell akiwaona yeye peke yake na sisi tukamwona yeye tu, hatujui kama ni mizimu au ni ile hatia anayoibeba ya kuangusha taa ya ishara usiku ule, akiamini ndiyo iliyowafichua kwa adui. Kamera ikishatuonyesha wafu, swali hilo linapoa.

Na linapoa bure, kwa sababu mwisho ni mzuri. Bell amejitupa baharini. Nyambizi inafunguliwa, mzamiaji anatoa taarifa: maiti nane ndani, mmoja ameshika nyundo. Sentensi moja tu, bila muziki wa kubabaisha. Ungeifikia ukiwa dakika ya 24 badala ya 50, usingelala.

Ukitaka kuona kwamba shida haikuwa mwandishi, tazama "The Hitch-Hiker" ya Januari 1960. Tamthilia hiyo hiyo, Serling huyo huyo, safari hii akitumia mchezo wa redio wa Lucille Fletcher. Mwanamke anaendesha gari kuvuka Marekani na kila aendako anamkuta mwanamume yule yule kando ya barabara anaomba lifti. Huo nao ni mrudio, sivyo? Lakini kila anapotokea kuna kitu kimesogea: kwanza ni kero, kisha woga, kisha karibu agongwe na treni, kisha anapiga simu nyumbani na kujua yeye mwenyewe ni nani.

Twende kwenye mashua yako. Umeniandikia dakika 12 lakini hukuniambia unagonga mara ngapi. Mimi ningekuruhusu mara nne. Ya kwanza wavuvi wadhani ni gogo. Ya pili ije mashua ikiwa imeshasogea, gogo lisingeweza kuwafuata. Ya tatu mmoja wao agonge, ajibiwe. Ya nne ni yako, sikuchagulii, ila isilie pale tunapoitarajia.

Kwa upande wa sauti: majini sauti husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, hewani ni 340 hivi. Kwa kasi hiyo masikio ya mtu aliye chini ya maji hupata taabu sana kupambanua inatoka upande gani. Kwa hiyo mvuvi akizamisha kichwa kusikiliza, usiuweke mlio kushoto wala kulia. Uweke katikati, ujae kote. Punguza sauti nyembamba, bakiza uzito wa chini. Akiinua kichwa tu, mlio uwe mkavu na mdogo, wa mbao za mashua. Tofauti hiyo peke yake itafanya kazi ya mizimu watatu wenye vipodozi.

Kabla ya kila mlio toa mawimbi na upepo kwa sekunde moja na nusu, taratibu, mtu asijue umevitoa. Lakini siyo mara zote nne. Niliwahi kufanya hivyo kila mara katika filamu ya watu fulani, na mpaka mlio wa tatu ukumbi mzima ulikuwa unacheka kabla haujalia, maana ukimya ulikuwa umeshageuka kengele.

Nitumie kwanza toleo lisilo na muziki, na uniandikie kando ya kila mlio dakika yake na kile mtazamaji anachokijua hapo.