Kwa nini Indonesia ililipua boti za wavuvi

Ndugu, umeuliza kwa nini Indonesia ililipua boti za wavuvi wa Vietnam badala ya kuwatoza faini tu. Anzia 1957. Kabla ya hapo kila kisiwa kilikuwa na maili 3 tu za bahari, na katikati hata manowari za Waholanzi zilijipitia. Tamko la Djuanda, waziri mkuu wa Indonesia wakati huo, likasema maji yaliyo kati ya visiwa ni ya nchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa 1982 ukalikubali wazo hilo. Waziri wa uvuvi Susi Pudjiastuti alipoingia 2014, akaamua kulinda bahari hiyo kwa baruti: boti za kigeni zilizovua humo bila kibali zililipuliwa. Majirani walinuna. Kigumu ni China, ambayo mstari wake wa ramani, unaodai sehemu kubwa ya Bahari ya China Kusini, unakata ukanda wa kiuchumi wa Indonesia (bahari ambayo nchi ina haki ya kuvua na kuchimba) karibu na visiwa vya Natuna. Meli zake za walinzi wa pwani hazilipuliwi, hapo ni doria na barua za malalamiko.