Iringa hadi Matema na IST, mwezi wa pili: pitia wapi?

Kaka, umeuliza kama Toyota IST itakufikisha Matema, kule ufukweni Ziwa Nyasa, na familia kutoka Iringa, na kama mnaweza kupandia Kitulo, hifadhi ya maua, kupitia Chimala. Matema mtafika. Kitulo kwa njia hiyo, na mvua za Februari, mimi nisingejaribu. Ule mlima wa kwenda Matamba una kona 57, wenyeji wanauita hivyo hivyo, Hamsini na Saba. Gari la chini namna hiyo, limejaa watoto na mabegi, litakuchosha. Maua yapo kweli msimu huu, ila kodi gari la juu la four-wheel pamoja na dereva wa huko huko.

Siku ya kwanza pitieni Mafinga na Makambako, mlale Mbeya. Msianze safari ya Tukuyu jioni. Pale Isongole ukungu unaweza kushuka ukaona taa za fuso tu, na mama wa viazi yupo pembeni kabisa ya lami. Ukianza kuteremka, weka gia ndogo mapema. Ukisikia harufu ya breki, simama zipoe, usizimwagie maji.

Kiwira chepukeni mwone Daraja la Mungu, jiwe lililojijenga lenyewe juu ya mto. Baada ya hapo ni chai na migomba mpaka Tukuyu. Nunueni ndizi hapo. Kyela joto linapanda ghafla, masweta mtayavua. Mkiwa Matema Jumamosi, nendeni mnadani Lyulilo mkaone vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa huko ziwani. Mama watoto atataka kimoja, kwa hiyo acha nafasi kwenye buti.