Bibi akisema sindano inaua

"Mtoto mwenye degedege usimchome sindano, atakufa." Maneno haya nayasikia vijijini Bagamoyo tangu nianze kazi ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii, na wanaoyasema bila kutetereka ni bibi zetu, ambao ndio wenye neno la mwisho nyumbani.

Wenzangu hukimbilia kujibu, "Bibi, hizo ni imani za kizamani." Basi, umekwisha. Bibi atanyamaza, ukitoka tu mtoto anafukizwa mavi ya tembo, na mama mtu, ambaye ndiye uliyetaka akusikie, hathubutu kukuunga mkono mbele ya mkwewe.

Mimi hutoa shikamoo, nikakaa mkekani, nikauliza: "Bibi, uliona nini?" Nauliza kwa sababu nataka kujua. Bibi mmoja alinihesabia kwa vidole watoto wa ukoo wao waliochomwa sindano wakafa siku hiyohiyo. Hakuwa anazusha. Walifikishwa hospitali baada ya mafusho na kuogeshwa dawa, malaria imeshapanda kichwani, na kwa kuwa sindano ndiyo iliyoonekana mwisho, ikabeba lawama. Ukimwambia hakuona alichokiona, mwongo ni wewe.

Kwa hiyo vifo navikubali, sababu ndiyo naiulizia. "Kweli walifariki, bibi. Walikuwa wameugua tangu lini?" Halafu nanyamaza. Hapo ndipo pagumu, maana ulimi unawasha kutaja majina ya vimelea ambayo hakuna aliyeyauliza. Yule bibi aliendelea kuchambua mchicha, kisha akasema taratibu, "Yule wa mwisho tulimkalisha siku tatu." Sikuongeza neno. Mkamwana wake alikuwa jikoni, anasikia.

Jambo jingine, usimnyang'anye bibi kazi. Namwonyesha amlaze mtoto ubavu, amlegeze nguo, asimtie kitu mdomoni, iwe kijiko au dawa, wakati safari ya zahanati inaandaliwa. Akitaka kusoma dua njiani, asome. Hirizi mkononi siigusi, haimdhuru mtu. Moshi naukataza waziwazi, tena bila kuzunguka, maana mtoto yule tayari anapumua kwa shida.

Na kama mtoto anatapatapa sasa hivi, mambo ya kuulizana uliona nini yaache. Ita bodaboda. Mtabishana akishapona.

Nikiweza, huwa namwomba bibi aje naye. Kipimo cha haraka cha malaria kinataka tone la damu ya kidoleni, na majibu hayachukui hata nusu saa. Aone mistari kwa macho yake. Siku nyingine kipimo hakionyeshi malaria, kwa kuwa si kila degedege inatokana nayo. Inaweza kuwa homa nyingine, hata ya uti wa mgongo, na daktari ataendelea kutafuta. Hilo huwa namwambia bibi mapema, kabla hatujatoka nyumbani, ili kipimo kikikataa asije akasema nilimdanganya.