Kamati ya wachumaji karafuu

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa skuli. Nimeombwa niingie katika kamati ya kujitolea ya mtandao unaowaunga mkono wachumaji wa karafuu, ilhali sijapata kupanda mkarafuu. Je, nikubali? Msomaji, Wete.

JAWABU: Ndugu msomaji, kubali, ila kwa sharti kwamba madai yatoke kwa wachumaji wenyewe na kwa kina mama wanaochambua makonyo (vikonyo vya karafuu), ambao aghalabu husahauliwa malipo yanapojadiliwa. Wavunaji wa nyanya wa Immokalee, Florida, Marekani, walioanza kujipanga mwaka 1993, walisusia Taco Bell, kampuni ya migahawa inayonunua nyanya, tangu 2001 hadi kampuni hiyo ilipokubali, mwaka 2005, kuongeza senti moja kwa kila ratili ya nyanya. Wanafunzi waliowaunga mkono walieneza mgomo huo vyuoni, lakini madai yalibaki ya wavunaji. Kazi yako, basi, itakuwa kuandika kumbukumbu, kutunza hesabu na kuisoma Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005 ya Zanzibar pamoja nao. Vikao viitishwe usiku, baada ya kazi ya shambani. Kikao cha asubuhi msimu wa uchumaji (nadhani unalijua hili) kitahudhuriwa na walimu watupu.