Kiini Nilichomnyima Baba

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni imani gani kuhusu chakula uliyoishika kwa muda mrefu ukaja kuiacha, na nini kilikubadilisha?" Nimelisoma swali hili nikiwa uani kwangu hapa Ujiji, Kigoma, kuku wakidonoa miguuni, na sikuhitaji kufikiri sana. Niliamini kwamba yai ni sumu ya moyo kwa mtu mzima. Kwa imani hiyo nilimnyima baba yangu mzazi kiini cha yai kwa karibu miaka minne, na kuku wenyewe ni wangu.

Baba ana miaka 79. Enzi zake alikuwa mtu wa reli, mwenye kuamka kabla ya alfajiri na kubeba mizigo bila kuomba msaada. Uzee ulipoingia akaanza kupata kizunguzungu kila akiinuka kwenye mkeka. Tukampeleka kupima, tukaambiwa presha imepanda, akapewa vidonge. Tulipokuwa tunaondoka, mhudumu mmoja akanivuta pembeni: "Mzee asiguse mayai tena. Yana kolesteroli, yataziba mishipa." Hakuna aliyempima mafuta kwenye damu siku ile, wala aliyeuliza habari ya chumvi. Lakini lile neno la mayai nililibeba hadi nyumbani kama vile limeandikwa kwenye cheti. Simlaumu sana aliyelisema. Alisema alichofundishwa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalisikia msibani, harusini na redioni, kwa hiyo lilikuta nafasi yake tayari.

Basi kila asubuhi nikawa nachemsha yai, nalimenya likiwa bado na moto, nalikata katikati kwa uzi, kisha nachokoa kiini kwa ncha ya kijiko. Nusu zile mbili za njano zilitoka nzima, zikaacha mashimo ya mviringo kwenye ute. Kiini kikaenda kwa wajukuu. Baba akabaki na vibakuli viwili vyeupe, vitupu, na kikombe cha chai ya rangi. Ute peke yake hauna ladha, kwa hiyo akawa anauchovya kwenye chumvi. Nilimwona akichovya kila siku, mtu mwenye presha, na sikusema kitu, kwa sababu macho yangu yote yalikuwa kwenye kile kiini nilichokiondoa. Siku moja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hicho cha njano ndicho kilichokuwa chakula." Nikamjibu kwamba ni kwa ajili ya moyo wake. Hakusema tena. Baada ya miezi kadhaa hata ute akauacha, kifungua kinywa kikawa chai na kipande cha muhogo.

Akaanza kukonda. Kanzu aliyoshonewa Idi moja, Idi iliyofuata ikawa inamning'inia. Birika la kutawadhia ambalo alikuwa analinyanyua kwa mkono mmoja, akawa analiburuta chini hadi pale anapokaa. Kifuniko cha dumu kikamshinda kufungua. Sote nyumbani tukasema ni uzee. Neno hilo ni jepesi mno mdomoni, likishatamkwa hakuna anayeuliza zaidi. Kisha siku moja akateleza mlangoni mwa bafu. Tunamshukuru Mungu hakuvunjika, lakini hakuweza kujiinua mwenyewe, na mjukuu wa miaka kumi na mbili ndiye aliyemshika kwapani.

Anguko lile ndilo lililotupeleka kwa mganga mwingine, binti mdogo tu, pengine hajafika miaka thelathini. Alimwamkia baba kwanza, akampima presha mara mbili, akamfunga kanda kwenye mkono kupima unene wake, akaagiza kipimo cha mafuta na sukari kwenye damu. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: akatutaka tumweleze chakula cha mzee tangu anapoamka mpaka anapolala.

"Mboga mnaunga kwa nini, mama?"

"Mawese."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono, upawa mmoja, na nusu kama mboga ni sombe, yaani kisamvu.

"Na chumvi?"

Nikamweleza ya kwenye sufuria, nikamweleza na ya mezani. Nilipofika kwenye ule ute wa kuchovya akaweka kalamu chini. "Na dawa ya presha, babu, unakunywa kila siku?" Baba akasema anakunywa siku akijisikia vibaya. Binti yule hakutufokea. Alisema tu: "Mama, mayai mmemwachisha. Upawa upo, chumvi ipo, dawa haipo." Nilitamani ardhi inifiche.

Majibu ya damu yalipotoka, mafuta ya baba yalikuwa ya kawaida na kisukari hakikuwepo. Kilichokuwa juu ni presha. Kilichokuwa chini ni nyama ya mwili wake.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza sana, na mpwa wangu anayesomea utabibu amenisaidia kuelewa. Nieleze nilivyoelewa. Kolesteroli, ambayo wataalamu wa lugha wanaiita lehemu, si uchafu. Mwili unaihitaji kujengea kuta za seli, kutengenezea homoni na nyongo, na sehemu yake kubwa inatengenezwa na ini letu wenyewe, si na sahani. Kwa watu wengi, wakila zaidi ini hupunguza kutengeneza, na utumbo haupokei yote yanayoingia. Ndiyo maana yai moja kubwa, lenye kama miligramu 186 za kolesteroli, halipandishi kipimo cha damu kwa kiasi tulichokuwa tukitishwa. Kinachopandisha zaidi kolesteroli mbaya, ile inayoganda kwenye kuta za mishipa, ni yale mafuta mazito yanayoganda, ya nyama nono, siagi, samli, nazi na mawese. Ini lina kama milango ya kuvutia kolesteroli kutoka kwenye damu, na mafuta hayo yakizidi milango hiyo hupungua. Sasa linganisheni: yai zima lina kama gramu moja na nusu ya mafuta ya aina hiyo. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina karibu gramu saba. Kijiko, si upawa.

Mtu wa Kigoma asinielewe vibaya. Mawese ndiyo yaliyotulea. Michikichi ndiyo iliyonunua madaftari yangu ya shule, na wekundu ule una asili ya vitamini A ambayo macho ya watoto yanaihitaji. Bado napika kwa mawese, na sombe bila mawese kwangu si sombe. Nimebadilisha chombo tu, napima kwa kijiko, na siku nyingine naunga kwa karanga au kwa mafuta ya alizeti kidogo.

Nilitaka pia kujua hofu ya mayai ilitoka wapi, maana haikuzaliwa Ujiji. Mwaka 1913, huko St. Petersburg nchini Urusi, mtafiti Nikolai Anichkov aliwalisha sungura kolesteroli safi iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya alizeti, na mishipa yao ikaharibika. Ilikuwa kazi kubwa, na iliwafungulia wengine njia ya kuelewa kolesteroli ya kwenye damu. Lakini sungura ni mla majani, mwili wake haukuumbwa kupokea kolesteroli. Mwaka 1968 Chama cha Moyo cha Marekani kikashauri watu wasizidishe viini vitatu kwa wiki na wasipitishe miligramu 300 za kolesteroli kwa siku. Ushauri huo ukavuka bahari, ukafika kwenye vyuo vyetu, ukakaa. Mwaka 2015 mwongozo wa lishe wa Marekani ukaondoa kile kikomo cha miligramu 300. Mwaka 2019 chama kilekile cha moyo kikasema mtu mwenye afya anaweza kula yai zima moja kwa siku, na wazee ambao kolesteroli yao ni ya kawaida wanaweza kufika mawili. Wazee! Wale tuliowapokonya kwanza. Mimi nilikuwa bado nachokoa viini wakati huo.

Kuna kisa kimoja kilichonigusa kwa sababu kinamhusu mzee kama baba. Mwaka 1991 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha habari za mwanamume wa miaka 88 aliyekuwa akila mayai 25 kila siku kwa miaka mingi, na kolesteroli ya damu yake ilikuwa ya kawaida. Walipompima walikuta mwili wake unapokea sehemu ndogo tu ya kolesteroli anayokula. Sisemi mtu ale mayai 25, mtu yule alikuwa na mazoea yasiyo ya kawaida. Lakini mtu akiniambia kwamba yai huziba mishipa kama taka zinavyoziba mtaro, namkumbuka mzee huyo.

Wataalamu hawajamaliza kubishana, na ni haki msomaji ajue. Mwaka 2019 utafiti wa Marekani uliojumlisha watu karibu 30,000 ulikuta kwamba waliokula mayai mengi zaidi walipata maradhi ya moyo zaidi kidogo. Mwaka uliofuata utafiti mwingine mkubwa, uliofuata watu kwa miongo kadhaa, haukuona madhara kwa wanaokula mpaka yai moja kwa siku. Mimi nimesimama kwenye yai moja, na siku chache mawili. Mwenye kisukari, mwenye kolesteroli ya juu ya kurithi, au aliyewahi kupata shambulio la moyo, huyo asifuate sahani ya baba yangu. Aulize daktari wake akiwa na majibu ya damu mkononi.

Linaloniuma zaidi ni lile la nyama ya mwili. Mwili wa mzee hautumii protini vizuri kama wa kijana, kwa hiyo anahitaji zaidi na si pungufu. Wataalamu wa wazee wanashauri kati ya gramu moja na gramu moja na robo hivi kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Baba ana kilo 54. Ugali wetu wa muhogo unashibisha lakini protini yake ni kidogo mno, na dagaa wakavu wanamshinda kwa meno. Yai lina kama gramu sita, laini, halihitaji kutafunwa sana. Na karibu nusu ya protini hiyo, pamoja na vitamini D, B12 na zile rangi za njano zinazolinda macho, imo kwenye kiini. Nilikuwa nimemwachia mzee asiye na meno ute usio na ladha na kuondoa kilichobaki.

Nikitazama nyuma naona yai kwetu limeonewa tangu utotoni. Mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Mjamzito akila, mtoto atazaliwa bila nywele. Akifika uzeeni anaambiwa moyo utasimama. Maisha yote mtu anafuga kuku, na kila umri una sababu yake ya kumfanya auze mayai badala ya kuyala.

Siku hizi baba anakula yai moja asubuhi, zima, lililochemshwa mpaka likaiva. Nasisitiza kuiva, kwa sababu wapo wazee wanaopewa mayai mabichi ya kunywa kwa ajili ya nguvu, na bakteria wa humo wanaweza kumlaza mzee kitandani. Simkaangii kwenye mafuta mengi, wala simpi na maandazi. Chumvi nimeitoa mezani. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu tano kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na kwetu hiyo ilikuwa ikiishia kwenye mboga ya mchana peke yake. Badala yake naweka limau na pilipili manga. Samaki wa chumvi nawaloweka na kumwaga maji. Kidonge cha presha kipo kwenye kikombe chake cha chai, siku zote, awe mzima au mgonjwa. Jioni anatembea mpaka kwenye mwembe wa barabarani na kurudi. Sijui niseme ni yai au ni dawa au ni kutembea. Nadhani ni vyote. Presha imeshuka, na juzi nilimkuta amelibeba birika mwenyewe.

Mama wa jirani yangu ana miaka 82. Mwanawe amemwachisha mayai, nyama na maziwa kwa pamoja, kwa mapenzi yaleyale niliyokuwa nayo mimi. Wiki iliyopita nilimpelekea mayai sita kwenye bakuli, mwanawe akanirudishia, akanishukuru sana, akasema moyo wa mama hauruhusu. Nilimuuliza presha ya mama ni ngapi, akanyamaza. Tumekubaliana Jumatatu twende naye akapimwe, presha na damu. Habari ya mayai tutaizungumza tukiwa na majibu.