Kwa nini walikimbiza jeneza
Umeuliza kwa nini zamani vijijini Ayalandi watu walikuwa wanakimbiza jeneza kwenda makaburini, ni hivi, waliamini aliyezikwa mwisho ndo mlinzi wa pale, anakesha getini na wengine wanasema anawachotea maji walioko toharani, yaani kule roho zinakotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, mpaka aje maiti mwingine ampokee shifti. Sasa misiba miwili ikiangukia siku moja aisee ni mbio, nani anataka mama yake abaki zamu? Ngumi zilipigwa, na kuna visa vya jeneza kurushwa juu ya ukuta ili liwahi! Mi navipenda mno. Watoto wa shule waliandika visa vya wazee wao 1937 mpaka 1939, vimetunzwa Dublin hadi leo.