Kabla ya tiketi ya Paris, soma hesabu za Lucien

Wadogo zangu, mnauliza kama kijana mwenye kipaji akifika Paris anatoka kimaisha. Wapo wanaotoka. Lakini anayetaka hesabu badala ya picha za Mnara wa Eiffel asome Illusions perdues, riwaya ya Mfaransa Honoré de Balzac iliyotoka sehemu tatu kati ya 1837 na 1843. Lucien, kijana wa riwaya hiyo, anaondoka mji wa kwao, Angoulême, mwaka 1821 na mashairi yake, mfukoni ana pesa alizochangiwa na dada na shemeji.

Njaa siyo iliyommaliza. Kwa Flicoteaux, mgahawa jirani na chuo cha Sorbonne, mlo ulikuwa su 18 (sarafu ndogo za zamani) na mkate unakula mpaka ushibe. Pesa zilikwenda kwenye nguo: aliona haya mbele ya wakubwa, akanunua suti, akagundua hata hiyo inachekwa, akaenda kwa fundi wa ghali zaidi. Wangapi huku Paris wanavaa hela ya kodi ili picha ya nyumbani ipendeze?

Halafu anakuja Doguereau, mchapishaji. Njiani anapanga kumlipa faranga 1,000 kwa riwaya yake. Kuona hoteli ilivyochakaa, moyoni anashusha hadi 800. Kusikia kijana anakaa ghorofa ya nne, 600. Anafungua mlango, chumba kitupu: anatamka 400. Riwaya ni ileile, haijapungua hata ukurasa.

Anwani bado inakupangia bei. Vyumba vya chini ya paa vingali vinakodishwa; kisheria visipungue mita 9 za mraba, na ukiletewa cha 7 kwa pesa taslimu bila mkataba, ondoka, maana bila mkataba huna cha kuonyesha ofisi yoyote. Amana ni kodi ya mwezi mmoja kwa chumba kisicho na samani, miwili kwa chenye samani. Mwenye nyumba atadai mdhamini, na kwa kawaida anamtaka mwenye mshahara wa Ufaransa, kwa hiyo mjomba wa Dar hahesabiki. Kwa vijana kuna Visale, dhamana isiyo na malipo. Iombe kabla ya kusaini. Na kibali cha mwanafunzi kinaruhusu saa 964 za kazi kwa mwaka, basi. Msimhesabie mtu mshahara kamili.

Magazetini Lucien anauza sifa na matusi, anahama kambi, pande zote zinamgeuka. Kinachouma ni deni: anaghushi sahihi ya shemeji yake David kwenye hati tatu za kuahidi kulipa, za faranga 1,000 kila moja. Hazilipwi, zinarudi Angoulême, gharama za mawakili zinapanda juu ya deni, na anayefungwa ni David aliyebaki nyumbani.

Balzac anaziorodhesha ada hizo moja moja, na alizijua: kiwanda chake cha uchapaji kilianguka 1828. Nyumba aliyopanga baadaye Passy, mtaa wa Paris, kwa jina lisilo lake, ilikuwa na mlango wa pili wa kutokea mtaa wa chini wadai wakibisha juu. Sasa ni makumbusho, rue Raynouard namba 47, na mkusanyiko wake wa kudumu unatazamwa bure.